Kliniki ya magoti yenye ngazi 19

Nianze na ngazi ju ndo kitu cha kwanza utakachokutana nacho. Watu wanatibu magoti ya wazee alafu kliniki wameiweka juu ghorofani, lifti hakuna, ngazi ni 19, nimezihesabu ju nilikuwa nyuma ya nyanya nimemkinga asije akarudi kinyumenyume, na kila ngazi alikuwa akisema bismillahi. Alipofika ya kumi na mbili akasimama, akanigeukia, akaniuliza, "Hawa wanatibu wagonjwa ama wanawatafuta?" Nilicheka lakini ana haki.

Jina la kliniki siliweki manake nina ya kusifu na nina ya kulalamika na sitaki kesi na mtu, mji wenyewe huu sote twajuana. Ni upande wa Tudor hapa Mombasa, wanafanya mambo ya fizio, yaani kutibu viungo kwa mazoezi na kukanda, na sisi tumeenda mara sita kwa muda wa wiki nane, kwa hivyo haya siyaandiki baada ya siku moja, nimekaa nayo.

Nyanya ana miaka 74, twaishi naye Majengo, magoti yote mawili yanamuuma lakini la kulia ndo balaa. Mwaka wa tatu huu. Ukimuuliza atakwambia "uzee tu mwanangu, yaniuma kidogo", na mimi mjinga nikaliamini hilo neno kidogo. Wazee wetu hawasemi. Hataki kukusumbua, hataki upoteze pesa, na ndani ya moyo anaona kuumwa ni haki ya umri wake kama vile mvi. Sasa ukingoja mpaka aseme utangoja sana.

Kilichonishtua ni mbuzi. Siku moja nafagia jikoni nikavuta mbuzi ya nazi kule nyuma ya gunia la makaa nikaona imefunga utando wa buibui. Huyu ni nyanya ambaye miaka yote akisema tui la pakiti ni maji ya kuoshea vyombo, alafu kumbe miezi anatupikia wali kwa hilo hilo la pakiti na sisi twasifu tu. Hawezi kukaa kwenye mbuzi, ni chini sana, akikaa hainuki. Basi nikaanza kuunganisha mambo. Kuswali anaswalia kwenye kiti. Harusi haendi, ati kelele zinamchosha. Maji hanywi tena baada ya magharibi, nikadhani ni mambo yake tu, kumbe hataki kuamka usiku kwenda chooni. Hayo yote ni maumivu yanasema, yeye mwenyewe kanyamaza.

Kabla ya kliniki tulishapita kote ambako kila mtu hupita. Mafuta ya nyonyo, ya habbat soda, ya karafuu yaliyochemshwa na kitunguu thomu mpaka nyumba nzima yanuka mchuzi. Hijama mara mbili. Mama mmoja wa Kisauni mkandaji, na huyu simsemi vibaya hata kidogo, siku akimkanda nyanya hulala usingizi mpaka alfajiri, shida ni siku ya tatu mambo yanarudi vile vile. Alafu kemisti. Kemisti ya mtaani unaingia wasema "dawa ya magoti ya mzee", huulizwi mzee ana presha ama vipi, unafungiwa vidonge kwenye kibahasha, mia moja hamsini, kwaheri.

Na ile dawa ya unga. Kuna mtu alimletea, ya kijani, kijiko kimoja na maji moto asubuhi. Wallahi siku ya tatu nyanya alikuwa anatembea kama msichana, mpaka akafua mapazia. Tukashangilia. Hiyo nitairudia.

Sasa kliniki yenyewe. Tulipewa saa nne asubuhi, tukaonwa saa tano na dakika ishirini. Viti vya kungojea ni vile vya plastiki vya chini visivyo na mikono, mtu wa magoti akikaa hapo kuinuka mpaka avutwe, nilimuona mzee mmoja ameamua kusimama tu ameegemea ukuta saa nzima. Esi inapuliza moja kwa moja kwenye miguu. Nyanya akatoa leso ya pili akajifunika magoti, akaniambia baridi yabisi yake imeletewa chakula.

Dada wa mapokezi ni kijana, si mbaya, lakini alianza kwa kumwita "cucu", yaani nyanya kwa Kikuyu. Nyanya akaniuliza cucu ni nani. Alafu maswali yote akaniuliza mimi, jina lake nani, ana miaka mingapi, anaumwa wapi, na mwenyewe yuko hapo amekaa na mkoba wake mapajani. Akavumilia mpaka swali la nne ndo akasema, "Mwanangu, niulize mimi, sijafa." Hapo nyota moja nikaikata moyoni. Mzee hata kama anasikia kidogo, anaumwa yeye, siumwi mimi.

Na kitu kingine, wakamleta mwanamume. Kijana mzuri, mpole, lakini nyanya hawezi kuinua gauni mpaka juu ya goti mbele ya mwanamume asiyemjua, mambo hayo hayahitaji mkutano. Nikawaambia, wakasema sawa, tungoje mwanamke amalize mgonjwa wake, nusu saa nyingine. Wangetuuliza kwenye simu siku ya kupanga yangeisha. Kwa hivyo ukipiga simu sema mapema, wakati wa kubuku.

Lakini huyo dada wa fizio alipokuja, hapo ndo nikasahau ngazi.

Kwanza aliamkia. "Shikamoo bibi." Alafu akavuta kistuli akakaa chini ya macho ya nyanya, si juu yake. Akamuuliza, kutoka sufuri mpaka kumi, sufuri hakuna maumivu, kumi ni maumivu makubwa kuliko yote, yako ni ngapi? Nyanya akafikiri kidogo akasema, "Tatu."

Mimi nikaruka. Tatu! Mtu haamki chooni usiku, ati tatu. Yule dada hakubishana, akamuuliza tu, kumi kwako ni nini? Nyanya akasema, "Nimezaa watoto saba, wawili nyumbani bila daktari, mmoja alikuja na miguu. Hiyo ndo kumi."

Yule dada akaweka kalamu chini. Akasema basi namba tuziwache. Akamuuliza, ni kitu gani ulikuwa ukikifanya mwaka juzi na sasa hukiwezi? Nyanya hakufikiri hata, akasema mbuzi. Kukaa kwenye mbuzi akakuna nazi yake mwenyewe. Na kusujudu. Dada akaandika vyote viwili kwenye faili, nikaona kwa macho yangu, "kukuna nazi", hapo chini ya presha na uzito. Kila tukirudi hakuuliza namba, aliuliza mbuzi imefika wapi. Kwangu hiyo peke yake yatosha pesa ya siku ya kwanza.

Akamuuliza pia yanauma vipi. Si yanauma sana ama kidogo, vipi. Yanachoma? Yanavuta? Yanakeketa? Kuna ganzi? Nyanya akachangamka, ju hayo ndo maneno yake, akasema mchana yanavuta akipanda, usiku yanakeketa, ganzi hamna. Ukiamka asubuhi yamekaza mpaka lini? Mpaka nimalize kuswali, yashalegea. Akatueleza kwamba hilo ni jambo muhimu, manake magoti ya kusagika kwa umri mara nyingi hukaza asubuhi chini ya nusu saa, lakini yakikaza saa nzima na zaidi na viungo vimevimba vina joto, huo waweza kuwa ugonjwa mwingine kabisa na dawa zake ni nyingine. Sisi hapa yote twaita baridi yabisi. Akasema baridi haina kosa, ni gegedu, ule mto laini ulio mwisho wa mifupa, umekonda, na misuli ya paja nayo imelegea ju mtu akiumwa hukaa, akikaa misuli hukonda, ikikonda goti hubeba mzigo peke yake, linazidi kuuma, anazidi kukaa. Tulimpa picha ya eksirei tuliyokuwa nayo akaiangalia, lakini akasema usitishwe na picha, kuna wenye picha mbaya na wanatembea, na kuna wenye picha nzuri na wanalia.

Alafu akasema anataka kuona dawa zote. Zote, hata za jirani. Mimi nikiwa najua nina karatasi moja ya losatani, dawa yake ya presha. Nyanya akafungua mkoba akatoa mkebe wa biskuti, ule mwekundu wa zamani ambao mimi miaka yote nilijua una sindano na uzi.

Astaghfirullah. Diklofenaki, ya maumivu, kwenye vibahasha vitatu vya kemisti tofauti. Ibuprofeni, ya maumivu pia. Vidonge vya rangi mbili ambavyo hakuna aliyejua ni nini. Ile dawa ya unga kwenye chupa ya jemu. Tramadoli mbili, dawa kali ya maumivu, za jirani aliyefanyiwa upasuaji, alipewa kwa mapenzi. Na dawa zake za presha, losatani pamoja na ile ya kukojoza. Kumbe mama wa watu alikuwa anakula diklofenaki asubuhi na jioni, na siku mbaya anaongeza ibuprofeni, mwaka mzima, nyingine kwa chai kavu.

Dada wa fizio hakupiga kelele wala hakumwaibisha. Akapima presha, 168 kwa 96. Akasema, mimi si wa kukubadilishia dawa, hiyo ni kazi ya daktari, lakini leo hii hii mwende na huu mkebe kama ulivyo. Akaandika barua. Hiyo nampa heshima, ju angeweza kunyamaza akatuuzia vikao vyake kumi.

Kwa daktari (si wa hapo, wa kwengine) ndo tukaelezwa vizuri na hapa nataka usome polepole kama una mzee nyumbani. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, kuzila pamoja si kuongeza nguvu, ni kuongeza madhara. Kwa mzee zinaweza kutoboa tumbo mpaka mtu akatoka damu na hakuna aliyejua, zinapandisha presha, na zinabana figo. Sasa ukichanganya na losatani na dawa ya kukojoza, hizo tatu pamoja figo zinapata taabu sana. Ndo mana presha yake ilikuwa haishuki na sisi twamlaumu kwa chumvi! Mwaka mzima nyanya anakula mchuzi usio na ladha kwa sababu yetu.

Akatumwa kipimo cha damu cha figo, alhamdulillahi zilikuwa zimeyumba kidogo tu. Vidonge hivyo vikakatwa. Badala yake parasetamoli, Panadol ya kawaida tu, lakini kwa mpango, vidonge viwili vya 500 mara tatu kwa siku zile siku mbaya, asingoje mpaka alie. Mtu mzima mwenye afya mwisho wake ni vidonge 8 kwa siku, yaani miligramu 4,000, lakini nyanya ni mwepesi, kilo 49, daktari akasema mwisho wake 6. Na akatutahadharisha dawa nyingi za mafua ndani yake zina parasetamoli hiyo hiyo, ukila zote wajihesabia mara mbili bila kujua. Alafu diklofenaki ya kupaka, ile jeli ya tyubu, ju ya kupaka kwenye goti inayoingia kwenye damu ni kidogo sana kuliko ya kumeza. Nyanya aliidharau mwanzo ati haina harufu, dawa isiyonuka inafanya kazi gani. Sasa ikiisha nasikia "jeli yangu iko wapi".

Tramadoli akazichukua kabisa mezani. Akasema mzee akizila kichwa kinazunguka, tumbo linafunga, na usiku akiamka anaanguka, na nyonga ikivunjika umri huo hapo goti utalisahau. Ile ya unga akauliza ametumia muda gani. Siku kumi. Akashusha pumzi. Sisemi ile ya kwetu ilikuwa na nini, hatukuipima, lakini akasema ziko dawa za unga za kienyeji ambazo watu huzichanganya kisirisiri na steroidi, dawa kali za hospitali za kuzima uvimbe, ndo mana mgonjwa anaruka siku ya tatu, na mtu akizitumia miezi mwili unazoea, uso unavimba, sukari inapanda, na ukizikata ghafla waweza kuanguka vibaya. Kwa hivyo kama mzee wako ametumia muda mrefu usimnyang'anye kwa hasira, mpeleke kwanza.

Daktari alitaja pia sindano ya goti. Inatuliza wiki kadhaa, wengine miezi michache, si dawa ya maisha, na mwenye sukari yaweza kumpanda siku chache. Nyanya akasema ngoja kwanza. Tukangoja.

Haya turudi ghorofani. Kikao ni 1,500, cha dakika 45. Hawachukui SHA hapo, ile bima ya afya ya serikali, ni M-Pesa ama kesh. Nyanya alikuwa anajua anakwenda kukandwa. Akakandwa dakika kumi, zilizobaki akafundishwa kukaa na kusimama. Kwenye tuktuk akiniambia, "Elfu moja mia tano kufundishwa kusimama? Mimi nimeanza kusimama kabla baba yako hajazaliwa." Siku ya kwanza hata mimi niliona tumepigwa.

Mazoezi ni manne tu. La kwanza analala kitandani, taulo imekunjwa chini ya goti, anaikandamiza kwa goti mpaka paja likaze, anahesabu tano, anaachia, mara kumi. La pili anainua mguu ulionyooka. La tatu kuinuka kwenye kiti bila kushika mikono, kiti cha juu kwanza, alafu kadiri siku zinavyokwenda cha chini zaidi. La nne kusimama kwa ncha za vidole ameshika sinki. Hakuna mashine hapo, hakuna cha kununua, taulo unayo.

Mara kumi alisema. Nyanya akahesabu kwa tasbihi. Tasbihi ina punje 33, na yeye hawezi kuiwacha njiani, kwa hivyo akafanya thalathini na tatu kila zoezi. Kesho yake hakuamka kitandani, na mimi nikampigia dada wa fizio nikiwa na moto. Nilipomweleza habari ya tasbihi alicheka mpaka simu akaiweka mbali. Alafu akatupa kipimo ambacho twakitumia mpaka leo: zoezi likileta maumivu kidogo yakatulia kabla ya saa 24, hayo ni ya kawaida, endelea. Yakiwa kesho yake bado yako juu, umezidisha, punguza, lakini usiwache. Nyanya akafunga uzi mwekundu kwenye punje ya kumi, ndo kituo.

Mkongojo nao ulikuwa na kesi yake. Alikuwa anatumia wa marehemu babu, mrefu, akiushika bega linapanda sikioni, na aliushika mkono wa kulia upande wa goti bovu, na sisi sote tuliona ndo sawa. Kumbe unashikwa mkono wa upande wa pili! Goti bovu kulia, mkongojo kushoto, vinakwenda mbele pamoja. Na urefu, ukisimama wima mkono umeuning'iniza, kichwa cha mkongojo kifike kwenye kifundo cha mkono. Akakataa kukata wa babu, nami simlaumu, tukanunua mwingine 900, na mpira wa chini wa kubadilisha 100. Huo mpira ukilika ni kama kutembea juu ya sabuni, hasa vigae vilivyorowa. Wa babu umetundikwa ukutani.

Kitu ambacho sikukipenda ni ile mashine ya nyaya, wanakubandika vibandiko gotini inawashawasha, wanaongeza 500. Nyanya aliipenda, akasema ni kama siafu wenye adabu, lakini tukifika Buxton kwenye tuktuk ile raha ishaisha. Tulifanya mara mbili tukawacha. Kama pesa zako ni za kuhesabu kama zangu hiyo ndo ya kukata kwanza. Wanajaribu kukuuzia pia soksi ya goti, 2,200, nikaipata mjini kwa bei ya chini zaidi ya nusu, na yenyewe anaivaa akienda mbali tu.

Jumla tumetumia 9,000 ya vikao, 1,000 ya mashine, tuktuk 400 kwenda na kurudi kila mara, daktari na vipimo mbali. Si pesa kidogo kwa mtu wa Majengo. Lakini nikipiga hesabu ya vibahasha vya kemisti vya mwaka mzima, hijama, chupa ya unga peke yake ilikuwa 3,000, naona aibu.

Nyota nawapa tatu na nusu. Dada wa fizio peke yake ni tano, zilizokatwa ni za ngazi, viti, esi, na kumwita mtu cucu. Niliwaambia habari ya viti, kikao cha tano nikakuta viwili vya mbao vyenye mikono vimewekwa karibu na mlango, kwa hivyo wanasikia. Ngazi najua hawawezi kuziondoa ila nasikia wanakuja nyumbani kwa 2,500, hilo walipaswa kulisema kwenye simu siku ya kwanza, mimi nililijua kikao cha nne kwa kusikiza mtu mwingine akiulizia.

Tena mtu asinielewe vibaya, si kila maumivu ya mzee ni ya fizio. Maumivu ya ghafla, goti limevimba jekundu na homa, ama mzee anakonda bila sababu na anaumwa usiku hata akiwa amelala tu, hao usiwapeleke kwa mazoezi, wapeleke hospitali. Na mwenye kansa ama ugonjwa mzito ambao dawa za kawaida hazimfikii, watu wengi hawajui kuna Coast Hospice hapa hapa Mombasa kazi yao ndo hiyo ya kutuliza maumivu. Shangazi ya rafiki yangu alipata nafuu ya kulala kwa sababu yao.

Sasa nyanya yuko vipi. Magoti bado yanamuuma, asikudanganye mtu, gegedu haikuota upya. Presha wiki iliyopita ilikuwa 142 kwa 82, na chumvi yake tumemrudishia kidogo. Choo cha usiku anakwenda, taa tumemuwekea ya kuchomeka ukutani. Kusujudu bado, anaswalia kiti, ila rakaa za kusimama anasimama zote.

Mbuzi ndo ilikuwa kesi kubwa. Kikao cha mwisho dada wa fizio alimwambia ukweli, kwamba kukaa chini vile na magoti yamepinda kiasi kile hamshauri hata akipona. Nyanya akanyamaza, nikaona amevunjika moyo. Alafu dada akasema, kwani ni lazima bibi ashuke, si mbuzi ipande? Basi nimempelekea fundi wa Mwembe Tayari akaipigilia juu ya kibao chenye miguu mirefu, urefu wa kiti cha kawaida, na sehemu ya kuweka sinia chini ya meno.

Juzi Ijumaa nimerudi msikitini nimemkuta amekaa juu yake, leso kiunoni, sinia imejaa, nazi ya tatu mkononi, na kwanza hakunijibu salamu. Ananiambia fundi ameipigilia upande, nazi yamrukia kulia, na kwa 800 hiyo nirudi nikamwambie aje ainyooshe kabla ya Ijumaa nyingine.